Karatasi za Jirani Yako: Kuunganisha Kompyuta na Printa katika Saiba ya Mtaa

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wenye saiba, makatibu wa vyama na vijana wa Kariobangi. Tunayachapisha kwa manufaa ya wasomaji ambao hawakuweza kufika.

Asanteni kwa kuacha kazi na kuja. Najua saa ya saiba ni saa ya pesa, na hapa ndani kuna simu inayoita, mteja akiuliza mbona umefunga. Kwa hiyo nitasema mambo ya kufanya na sababu zake, kisha tutaulizana maswali.

Mimi ni mtu wa habari. Nilisomea uandishi wa habari, si uhandisi, na mafundi mlio hapa mnanishinda kwa mbali katika kushika koleo. Lakini kazi yangu ya kila siku ni kuwaeleza wananchi jinsi ya kupata huduma za serikali, na kila maelezo huishia hapo hapo: ingia mtandaoni, jaza fomu, chapisha, ulete. Swali ambalo tangazo huwa halijibu ni hili: mtu ataingilia wapi, na atachapishia wapi? Jibu mnalijua. Kwenu.

Tangu lango la eCitizen lianze mwaka 2014, huduma zimekuwa zikihama kutoka dirishani kwenda kwenye skrini. Pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema, leseni ya kuendesha gari, ripoti ya ushuru ya KRA kabla ya tarehe 30 Juni, maombi ya HELB, nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, kibali cha biashara: vyote hupitia kompyuta, na vingi huishia kwenye karatasi. Mwenye simu isiyo na bando, au mwenye simu nzuri lakini hana printa, hutoka Korogocho, Dandora au Mowlem akaja kwenye chumba chenye kompyuta nne na printa mbili. Siku hiyo chumba hicho ndicho ofisi ya serikali iliyo karibu naye zaidi.

Neno langu la leo ni moja. Mtandao wa ndani wa saiba una kazi mbili: mteja apate karatasi yake kwa wakati, na karatasi hiyo isimfikie mtu mwingine. Kazi ya kwanza tunaifikiria sana kwa sababu inaleta pesa. Ya pili tunaisahau kwa sababu haionekani. Ukipanga vizuri tangu mwanzo, kebo zilezile zitakufanyia zote mbili.

Anza na kalamu

Kabla ya kununua chochote, chora chumba chako kwenye karatasi. Weka mlango, meza, soketi za stima, na mahali ambapo intaneti inaingilia. Kisha hesabu vitu vinavyohitaji kebo. Tuseme una kompyuta nne za wateja, moja ya kaunta, printa ya leza ya rangi nyeusi, na printa ya rangi yenye skana. Hivyo ni vitu saba. Vyote vitaungana katika kisanduku kinachoitwa swichi. Si ile ya taa, ni kile chenye matundu ya kuchomekea kebo. Tundu la nane litatumika kuunganisha swichi na ruta ya intaneti. Maana yake, swichi ya matundu 8 imejaa siku ya kwanza. Ukipata mashine moja zaidi mwezi ujao, huna pa kuichomeka. Afadhali ununue ya matundu 16 sasa kuliko kununua mbili.

Mchoro huo una faida nyingine. Siku mtandao ukigoma na fundi aliyeufunga amerudi nyumbani kwao mashambani, fundi mwingine ataelewa kazi kwa kuangalia karatasi. Bandika namba kwenye kila kebo, ncha zote mbili. Ni kazi ya nusu saa itakayookoa siku nzima.

Waya kwanza, waifai baadaye

Wengi huuliza kwa nini wahangaike na kebo ilhali ruta ina waifai. Fungua simu yako ukiwa ndani ya ploti yoyote ya Kariobangi North uhesabu majina ya waifai yanayotokea. Kila ghorofa ina yake, na nyingi hutumia masafa ya 2.4 GHz, ambayo kwa kweli yana njia tatu tu zisizoingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Ni kama matatu za njia nzima kung'ang'ania stendi tatu. Kompyuta isiyosonga kutoka mezani haina sababu ya kuingia katika msongamano huo. Ipe waya. Waifai waachie wenye simu.

Kebo ya kununua ni ya aina ya Cat 5e au Cat 6. Hizo hubeba mawasiliano hadi mita 100, na hakuna saiba ya hapa inayofika urefu huo. La kuangalia zaidi ni madini. Kuna kebo za bei nafuu ambazo nyaya zake ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu juu. Huvunjika upesi zikikunjwa, na hupoteza nguvu. Kwangua waya mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani ya wekundu, hiyo si shaba tupu. Muuzaji akikukataza kukwangua, umeshapata jibu.

Ndani ya kebo mna nyaya nane zilizosokotwa jozi nne. Msokoto huo una kazi: unapunguza kelele za umeme kutoka nje. Unapofunga kichwa, usifumue zaidi ya sentimita moja hivi, na ufuate mpango mmoja wa rangi katika ncha zote mbili. Mpango unaotumika sana ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pima kila kebo kwa kifaa cha kupimia kabla ya kuibana ukutani. Usiipitishe sambamba na waya wa stima katika bomba moja. Na usivute kebo ya shaba kutoka jengo moja hadi jingine juu ya barabara. Radi na tofauti za umeme kati ya majengo zinaweza kuunguza mashine za pande zote mbili.

Printa iwe na namba yake ya nyumba

Hapa kuna historia ambayo huwafurahisha mafundi. Mfumo wa kebo tunaoutumia, unaoitwa Ethaneti, ulibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na David Boggs katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California. Mle ndani wahandisi walikuwa wanatengeneza kompyuta za kukaa mezani, na mwenzao Gary Starkweather alikuwa ametengeneza printa ya leza. Printa ilikuwa moja, kompyuta zingekuwa nyingi. Walihitaji njia ya kuzifanya zote zifikie printa ile. Kwa hiyo shida ya kompyuta nne zinazogombea printa moja si ya Kariobangi peke yake. Ni mojawapo ya shida zilizoleta Ethaneti duniani.

Kila kifaa katika mtandao hupewa anwani na ruta, kwa kawaida namba zinazoanza na 192.168. Zifananishe na namba za vyumba katika ploti. Tatizo ni kwamba ruta hutoa namba hizo kwa muda tu. Stima ikipotea na kurudi, printa iliyokuwa chumba namba 20 inaweza kujikuta namba 35. Kompyuta zinaendelea kubisha namba 20, hakuna anayefungua, na skrini inasema printa haipo. Foleni iko mlangoni, saa ni kumi na moja jioni, tarehe ni 30 Juni. Mtu anaanza kung'oa kebo ambazo hazina kosa lolote.

Dawa yake ni ya dakika kumi. Chapisha ukurasa wa mipangilio ya printa yenyewe. Utakuta hapo namba ya kiwandani ya kadi yake ya mtandao. Ingia kwenye ruta, iambie kwamba kifaa chenye namba hiyo kipewe anwani ileile siku zote. Andika anwani hiyo kwa kalamu isiyofutika kwenye kibandiko, ukibandike juu ya printa.

Makosa mengine mawili ya kuepuka. La kwanza, kuchomeka ruta ya pili kwenye swichi ili kuongeza waifai, huku nayo ikiendelea kugawa anwani. Ploti moja haiwezi kuwa na makeateka wawili wanaogawa vyumba bila kusemezana. Zima ugawaji katika ruta ya pili. La pili, kebo moja kuchomekwa ncha zote mbili katika swichi ileile. Swichi nyingi ndogo hazina kinga dhidi ya hilo. Ujumbe huzunguka bila mwisho, na mtandao wote husimama.

Je, printa iunganishwe wapi? Ukiichomeka kwa USB nyuma ya kompyuta ya kaunta, itafanya kazi, lakini kaunta ikizimika saiba nzima haichapishi. Ushauri wa mafundi wengi ni huu: printa iende kwenye swichi kwa kebo yake, na foleni ya kazi isimamiwe na kaunta. Wateja hutuma kaunta, kaunta hutuma kwa printa. Hapo utahesabu kurasa na kulipwa sawasawa, na kaunta ikiharibika, unaielekeza kompyuta nyingine moja kwa moja kwenye ile anwani uliyobandika.

Stima, na majirani wanaochomelea

Sisi tuko jirani na Kariobangi Light Industries. Tunajivunia mafundi wetu wa vyuma, lakini mashine ya kuchomelea ikiwashwa kwenye laini ileile, taa hufifia na kompyuta huhisi. Weka UPS kwa vitu vitatu: ruta, swichi na kompyuta ya kaunta. Hivyo ukipotea umeme ghafla, mtu aliye katikati ya kuwasilisha fomu kwenye kaunta anapata dakika za kumaliza. Usichomeke printa ya leza kwenye UPS ndogo. Inapopasha moto ili kuyeyusha wino wa unga huvuta umeme mwingi kwa mara moja, na inaweza kuizima UPS au kuiharibu. Printa iende ukutani kupitia kizuizi cha mshtuko wa umeme. Na ekstensheni isichomekwe juu ya ekstensheni. Huo ni mwaliko wa moto.

Kata isiyosema

Sasa nije kwenye kazi ya pili. Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Katika mtaa huu, kata ni saiba. Mnajua nani ameomba mkopo, nani anatafuta cheti cha kifo cha mzazi, nani amepata kesi, majibu ya hospitali ya nani yamechapishwa jana. Mnashika kitambulisho, namba ya KRA, namba ya simu na sahihi ya mtu, vyote katika faili moja. Kwa mikono mibaya, hivyo vinatosha kujaribu kumwibia au kukopa kwa jina lake. Katika kazi yangu ya habari, tulifundishwa kwamba mtu akikuamini kwa siri yake, huitoi. Ninyi mmebeba mzigo huo bila mtu kuwapa cheti.

Tuanze na kitu ambacho hakihitaji kompyuta: daftari la nywila. Saiba nyingi zina daftari chini ya kaunta lenye nywila za wateja za iTax, eCitizen na barua pepe. Liliandikwa kwa nia njema. Mzee anasahau nywila, mwaka ujao anarudi, na wewe unamwokoa. Lakini daftari hilo likichukuliwa usiku mmoja, mlango wa kila nyumba umefunguliwa. Mwandikie mteja nywila yake kwenye karatasi aende nayo, au msaidie kuibadilisha akirudi. Madaftari yaliyopo yachomeni baada ya kuwarudishia wenyewe nywila zao.

La pili ni WhatsApp na barua pepe ya duka. Mteja anakutumia picha ya kitambulisho uichapishe. Anaondoka, picha inabaki: kwenye simu, kwenye kompyuta, na kwenye folda ya vipakuliwa. Wekeni desturi ya kufuta mbele ya mteja, na ya kusafisha folda zote, pamoja na ya skana, kila jioni kabla ya kufunga.

La tatu, shirikisha printa, usishirikishe folda. Katika saiba nyingi kuna folda moja inayoonekana katika kompyuta zote ili kazi iende haraka. Yeyote aliyekaa namba tatu anaweza kuifungua. Izime. Kompyuta za wateja zitumie akaunti ya kawaida, si ya msimamizi, ili mtu asiweze kupachika programu ya kunasa nywila. Kivinjari kifunguliwe katika hali ya faragha, na mkumbushe mteja kutoka kwenye akaunti kabla hajainuka.

La nne, badilisha nywila za kiwandani za ruta na printa. Zile za mwanzo zinajulikana na kila mtu mwenye intaneti. Wateja wa waifai wape mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi za sasa zinao, ili simu zao zisifikie kaunta. Na kazi ya mteja isitoke kwenye printa kabla hajafika kuichukua. Programu za kusimamia saiba huweza kuzuia kazi hadi kaunta iiruhusu. Karatasi inayosubiri kwenye trei husomwa na kila anayepita.

La tano, mashine kuukuu. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta zetu nyingi ni za mtumba na bado zinatumia mfumo huo. Bila masasisho ya usalama, hazifai kuwa kaunta. Na unapouza kompyuta ya zamani, au mashine kubwa ya fotokopi, kumbuka kwamba huenda ndani mna diski yenye picha za ulichochapisha. Futa kabisa diski hiyo, au itoe, kabla mashine haijavuka mlango.

Sheria inasemaje

Haya si hisani tu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azichukue kwa sababu maalumu, asikae nazo kuliko inavyohitajika, na azilinde. Taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mwenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Najua kuna mtu anasema moyoni, mimi ni mdogo, sheria hiyo ni ya mabenki. Ni kweli kwamba kanuni za mwaka 2021 zinawaondolea wajibu wa kujisajili wengi wenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, isipokuwa katika shughuli fulani zilizoorodheshwa. Lakini kuondolewa usajili si kuondolewa wajibu wa kulinda. Mteja ana haki ya kulalamika, uwe na kompyuta nne au mia nne.

Pesa zikiwa kidogo

Mkiwa na fedha kidogo, fuateni mpangilio huu. Kwanza yale ya bure: nywila mpya, anwani ya kudumu ya printa, kuzima folda, kuchoma daftari. Pili kebo nzuri na swichi yenye nafasi. Tatu UPS ya kaunta na ruta. Kompyuta mpya ije mwisho. Mara nyingi watu huanza na mwisho huo, na ndiyo sababu unakuta saiba yenye skrini za kupendeza na printa inayopotea kila stima inapopotea.

Makatibu wa vyama, mfumo ni huohuo hata kama mna kompyuta mbili na printa moja. Kumbukumbu za akiba za wanachama zihifadhiwe nakala kwenye diski ya nje, na diski hiyo ikimaliza kazi ichomolewe na kuwekwa mahali pengine. Nakala iliyochomekwa saa zote huibwa au kuambukizwa virusi pamoja na kompyuta yenyewe.

Na ninyi mliokuja kama wateja, mna maneno matatu ya kusema bila aibu mkiwa saibani: "Nisaidie kutoka kwenye akaunti." "Futa picha yangu nikiona." "Nirudishie nakala zilizoharibika." Mwenye saiba mwema hatakasirika. Atafurahi kwamba mtaa umejua thamani ya kazi yake.

Mtandao mdogo unaweza kufungwa Jumamosi moja na vijana wawili wenye koleo, kifaa cha kupimia na uvumilivu. Nimeona kalamu nyingi zikiandika hapa. Mwenye swali la kebo amuulize fundi aliyekaa karibu naye. Mwenye swali la sheria aje mbele, nitamwonyesha kifungu chenyewe.